Dkt. Nicholas Chepyegon na Mzee wa Ng'ambo ya Kijito

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi wa umma, Dkt. Nicholas Chepyegon, Mkurugenzi wa Sayansi, Utafiti na Vyuo Vikuu katika wizara yetu, anastaafu tarehe 31 Desemba 1998. Ataagwa Jumamosi tarehe 19 mwezi huo, katika ukumbi wa chakula wa Kituo cha Utafiti wa Mvua ya Mawe, Sigowet. Wafanyakazi wa makao makuu wameuliza kwa nini mkubwa wa cheo hicho aagwe kilimani, kwenye ukungu na matope, wakati Nairobi ina hoteli. Swali ni la haki na litajibiwa. Msomaji ajue mapema kwamba jibu lenyewe si la kawaida, na kwamba Daktari mwenyewe ameusoma wasifu huu akaagiza uchapishwe bila kupunguzwa.

Dkt. Chepyegon alizaliwa Sigowet mwaka 1943, akalelewa Sotik na nyanya yake mzaa mama. Alisoma kwa mwanga wa koroboi na kwa ukali wa nyanya huyo, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kukisia mafuta yaliyopungua kwenye koroboi na kurasa zilizopaswa kusomwa kwa mafuta hayo. Alipohitimu mwaka 1966, aliajiriwa kuwa afisa wa utafiti huko Kericho. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza mvua ya mawe, adui wa kila mkulima wa majani chai. Alitandaza vipande vya bati laini katikati ya mashamba, na baada ya kila dhoruba alizunguka kwa baiskeli akipima mabonyeo. Wachumaji wa chai walimwita Fundi Bati. Jina hilo lilimsubiri hata aliporudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamifu, na wapo wazee wa Kericho ambao hadi leo hawamjui kwa jina jingine.

Alipandishwa cheo bila haraka na bila kujipendekeza, hadi mwaka 1988 alipoteuliwa kuwa Mkurugenzi. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Wanafunzi waliongezeka kuliko vitanda, vyuo vilifungwa na kufunguliwa, wahadhiri waligoma. Daktari hakupenda hotuba, alipenda kukagua. Aliwahi kukataa kufungua maabara mpya mbele ya wageni waliokwisha kuketi, kwa sababu alifungua bomba na maji hayakutoka. Wageni walikunywa soda wakarudi makwao. Maji yalipofika, naye alirudi kukata utepe.

Katika pambizo za ripoti ndefu alikuwa akiandika neno moja kwa penseli: "Umepima?" Profesa Onsongo, aliyerudishiwa kurasa zake kuhusu udongo zikiwa na neno hilo, alikasirika kwa muda mrefu, kisha akaenda kupima, kisha akaandika upya. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe hii.

Palikuwa na tabia moja ya Daktari ambayo ofisi nzima iliifanyia mzaha. Katikati ya mkutano, kwa kawaida karibu na saa ya chakula cha mchana, aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa, akasema, "Naam, naja," kisha akaendelea na hoja aliyokuwa nayo. Hakuna aliyekuwa amemwita. Mara ya kwanza katibu wake, Bi. Monicah Aoko, aliingia mbio akidhani ndiye anayeitikiwa. Baadaye alizoea, akawa anawatuliza wageni: "Hiyo si yenu. Endeleeni tu." Vijana wa uhasibu walidai kwamba waliweza kurekebisha saa zao kwa mwitiko huo. Daktari alipoulizwa, alisema ni njaa.

Tabia ya pili haikumchekesha mtu. Kila mwaka alizuru vituo vya Kericho na Bomet, na kila mwaka alilala hotelini mjini Kericho, ilhali nyumbani kwao palikuwa karibu. Dereva wake, Bw. Kepher, mtu wa kando ya ziwa asiyeweza kunyamaza garini, alimchokoza kila walipoifikia njia panda ya Sigowet.

"Daktari, kwenu ni karibu kuliko hoteli. Hata hii gari imeshajua kona."

"Gari haina baba mkubwa," Daktari alijibu. "Endesha."

Mama yake alipozikwa, alisimama barabarani, upande wa juu wa boma lao, kichwa wazi kwenye mvua. Jeneza lilipelekwa kwake kwanza, akaligusa, kisha likarudishwa kushushwa kaburini. Wengi wetu tuliohudhuria tulidhani ni kiburi cha msomi. Tulikosea.

Sababu ni hii. Miongoni mwa Wakipsigis, mtoto anapozaliwa, akina mama wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku wakimsogezea ugoro kidogo puani. Jina analolipigia chafya ndilo lake; marehemu huyo amekubali kurudi kwa njia yake. Mtoto atapewa majina mengine ya kuitwa barabarani na kanisani, lakini hilo ndilo la ndani. Hutajwa marehemu peke yao. Aliye hai hatajwi, kwa kuwa hana haja ya kurudi.

Mwaka aliozaliwa Daktari, ukoo ulikuwa umekwisha kumlilia arap Sigilai, ndugu mkubwa wa baba yake. Sigilai aliingia Keya, jeshi la Waingereza, vita vilipoanza, akapelekwa Uhabeshi. Mwenzake aliyerudi aliapa kwamba alimwona akianguka na hakumwona akiinuka. Watu walinyoa nywele. Basi katika nyumba ya uzazi wakataja jina la babu, na la baba yake babu, na mengine waliyoyakumbuka. Mtoto akatulia tu. Walipotaja jina la Sigilai, alipiga chafya kabla ugoro haujamfikia. Vigelegele vikapigwa.

Mwaka 1946 Sigilai alishuka kutoka kwenye gari moshi huko Fort Ternan, akaja kwa miguu hadi Sigowet, mkoba wa jeshi begani. Hakuwa amekufa. Alikuwa amelazwa hospitalini nchi za mbali, akasahauliwa na waliopaswa kutoa habari zake. Alipoingia bomani, mtoto wa miaka mitatu alikuwa mlangoni. Walitazamana. Wasimulizi wanasema hapakuwa na kilio wala salamu. Mtoto aliketi chini, na askari yule akaketi chini papo hapo, kama aliyekatwa miguu. Kufikia jioni wote wawili walikuwa na homa. Mtoto alipopata nafuu, askari alizidiwa; askari alipoomba maji na kukaa, mtoto aligeuza macho. Ikawa hivyo kwa zamu, kama watu wawili wenye blanketi moja.

Wazee walikata shauri mbele ya ukoo wote. Jina hilo lisilale chini ya paa moja katika miili miwili, wala lisile chungu kimoja. Likifanya hivyo, mwili mmoja utaondoka. Sigilai, aliyekuwa na kilima chake ng'ambo ya kijito, akaachiwa nchi ya nyumbani. Mtoto akabebwa hadi Sotik. Homa iliwaacha wote wawili siku ileile.

Daktari alijifunza sayansi, na aliwaambia wenzake waziwazi kwamba haamini habari hizo. Hata hivyo, kutoamini ni jambo moja na kuvuka kijito ni jingine, na kwa miaka hamsini hakuvuka. Profesa Onsongo alipombana siku moja kwa nini mtu wa vipimo asikate mzizi wa fitina, alijibu kwa upole. "Kama ni uongo, kukaa mbali kumenikosesha nyumbani. Kama ni kweli, kurudi kutamkosesha mzee uhai. Nikosee wapi, Profesa?"

Mwaka 1997 jambo lilimfuata mwenyewe. Wizara iliamua kujenga kituo cha utafiti wa mvua ya mawe kwa ushirikiano na vyuo vikuu. Wataalamu walitafuta kilima ambacho mawingu kutoka ziwani hukipita kabla ya kuyafikia mashamba ya chai. Walikipata kimoja tu kilichofaa, nacho ni cha Mzee Sigilai, ambaye sasa alikuwa amepita miaka themanini. Wapima ardhi walikwenda. Akawapa chai akawaaga. Naibu Mkurugenzi alikwenda. Akapewa chai, na ndizi juu yake.

"Ninyi ni watoto wazuri," Mzee alimwambia. "Lakini hii kilima nitapatia yule ako na jina yangu. Mwambie akuje mwenyewe."

Walikuwapo ofisini walioshauri kwamba sheria itumike na ardhi itwaliwe. Daktari aliwasikiliza hadi mwisho. "Nilimtwalia jina akiwa hai," alisema. "Sitamtwalia na kilima." Kisha akamwambia Bw. Kepher aandae gari.

Masharti yaliwekwa na wazee wa siku hizi kupitia kwa dada yake Daktari, Bi. Chepkorir, anayeishi katika boma la wazazi wao: wawili hao wasimame kila mmoja upande wake wa kijito, wasivuke, wasipeane kitu cha kula. Sisi wa ofisi tuliofuatana naye tulifika Alhamisi mchana, mwanzo wa mvua za masika. Bi. Chepkorir alikuwa atupokee barabarani atuongoze, lakini ukungu ulishuka kabla yake, mzito, hata majani chai ya ukingoni hayakuonekana. Daktari hakungoja. Alishuka mteremko ambao hakuwa ameukanyaga tangu utoto, akitembea kama mtu anayetoka kukamua ng'ombe wake. Mahali pamoja aliiacha njia, akazunguka kwenye majani marefu, akairudia njia mbele. Bw. Kepher, aliyemfuata moja kwa moja, alizama hadi kiunoni katika shimo la kuhifadhia lishe ya mifugo lililofunikwa na nyasi.

Bi. Chepkorir alifika akasaidia kumtoa. "Nani alimwambia kuna shimo hapa?" aliuliza.

"Si mimi," Bw. Kepher alisema, akikamua suruali. "Mimi ndio nimeambia shimo niko hapa."

Shimo hilo Mzee alilichimba kwa mkono wake miaka ya hamsini, mtoto akiwa amekwisha kuondoka. Hakuna aliyewahi kumwonyesha Daktari.

Mzee Sigilai alikuwa amesimama ukingoni mwa kijito katika koti la jeshi, uzito kwenye mguu wa kulia, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Daktari alisimama upande wetu, uzito kwenye mguu wa kulia, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Hivyo ndivyo alivyosimama katika kila picha ya mahafali tunayoijua. Ukungu ulipita kati yao juu ya maji.

"Umechelewa," Mzee alisema.

"Nilikuwa kazini, baba."

"Najua ulikuwa kazini. Mimi ndio nilikuwa nachoka."

Bw. Kepher alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

"Na ule mti wa maua ya zambarau chini ya dirisha yako," Mzee akaendelea, "mbona wamekata?"

Mjakaranda huo, ulio chini ya ofisi ya Mkurugenzi, Nairobi, ulikuwa umekatwa Jumatatu ya wiki hiyo. Mzee hajafika Nairobi tangu alipotoka jeshini, na wakati huo jengo letu lilikuwa halijajengwa.

Daktari alijibu, "Mizizi ilikuwa inapasua mabomba."

"Wangekata mizizi ya upande wa bomba peke yake. Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Jumapili," Mzee alisema. "Hukusikiza."

Kutoka juu ya kilima mke wa Mzee akaita. Ulikuwa mwito mrefu usio na jina, wa kuitana kutoka mlima hadi mlima, wa kumwambia mtu kwamba chakula kiko tayari. Wote wawili waliinua vichwa wakasema kwa pamoja, "Naam, naja."

Bi. Chepkorir alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mzee ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kikavu cha mtu asiyeshangaa. "Huyo mama ameita wewe miaka hii yote, na hujakula hata siku moja. Anapika bure."

Mawe yakaanza kuanguka, madogo kama punje za mahindi, yakipasua ukungu na kuruka juu ya nyasi. Hakuna kati yao aliyejikinga. Daktari alisema aliyokuja kuyasema. Lakini hakuanza na kituo.

"Mwaka ujao nastaafu. Nataka kurudi nyumbani."

"Rudi."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Kwangu. Nitaenda wapi?" Mzee alisogea hadi maji yakagusa viatu vyake. "Sikia. Wazee walitutenga mbele ya watu. Mimi nilikuwa mgonjwa, wewe mtoto, hatukuulizwa. Wote wamekufa. Nani atatufungua? Siku ya kuacha kazi, kuja tukule chungu moja, chini ya paa moja, mchana, watu wakiona. Kama mmoja ataenda, aende hapo. Isisemwe alirogwa."

"Huogopi, baba?"

"Mimi nishaliliwa. Watu walinyoa nywele yote. Ni wewe hujaliliwa."

Daktari aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Nitakuja."

Kilima kilitolewa wiki iliyofuata. Tulipokuwa tukirudi Kericho siku ile, Bw. Kepher hakusema neno hadi tulipoziona taa za mji. "Mimi niliandikwa kazi ya kubeba mtu moja," alisema hatimaye. "Leo sijui nimebeba wangapi." Daktari, aliyekuwa amelaza kichwa kwenye kiti, alimjibu kwamba mafuta yanatosha wote.

Kituo kilijengwa. Kwa muda mfupi huo kimekwisha kufaa: wakulima wa Sigowet na viwanda vya chai vya juu hupata onyo la dhoruba mapema, na wanafunzi wa vyuo viwili wamefanya utafiti wao hapo. Hii ndiyo kazi ambayo Daktari anasema anaionea fahari kuliko zote, ingawa hajawahi kuingia chini ya paa la ukumbi wake. Aliukagua kabla haujaezekwa. Tangu uezekwe, Mzee Sigilai huja kila asubuhi kuota moto karibu na jiko, na Daktari hukagua kutoka nje, kupitia dirishani. Wapishi wanasema kwamba siku ambazo Daktari amelala vibaya huko Nairobi, Mzee husinzia kwenye benchi hadi adhuhuri. Hayo ni maneno ya wapishi.

Si wote wanaoipenda sherehe hii. Bi. Chepkorir amemsihi kaka yake asije. Amekubali kupika kwa sharti kwamba hataingia ukumbini. Mchungaji amesema ataomba kabla ya chakula na baada yake. Mkewe Daktari, Bi. Janeffer, muuguzi kwa kazi yake, alipoulizwa kama ameridhia, alisema: "Mimi niliolewa na mtu, si na jina. Lakini nitakaa karibu na sahani, na mkoba wangu nitakuja nao." Wazee wawili wa ukoo walimtaka Daktari abaki Nairobi, ambako watu wengi hustaafu na kuzikwa bila shida. Alikataa. Msingi wa nyumba yake umechimbwa katika boma la wazazi wake, mawe yamepangwa, kuta zimefika kimo cha madirisha. Mabati bado yamefungwa. Amewaambia mafundi kwamba wataezeka baada ya tarehe 19, na kama hawatasikia kutoka kwake, wamuulize Bi. Janeffer.

Utaratibu wa siku hiyo ni kama ifuatavyo. Wageni wataketi kabla ya saa sita na nusu. Mzee Sigilai ataingia kwa mlango wa jikoni, Daktari kwa mlango mkubwa, wakati mmoja. Meza ya mbele ina viti viwili. Chungu ni kimoja, cha udongo, kimetoka kwa mke wa Mzee, ambaye ndiye atakayewaita kuja kula. Wageni wanaombwa wasizungumze wala wasipige picha hadi wawili hao watakapokuwa wamenawa mikono. Hotuba zitafuata. Profesa Onsongo ameandika mbili, naye anatumaini kwamba moja atairudisha nyumbani bila kuisoma.

Daktari, wizara inakushukuru kwa maji yaliyofika kwenye mabomba, kwa vyuo vilivyosimama, kwa penseli yako iliyotufundisha kusema tunachokijua tu. Kwa hili la Jumamosi hatuna tunachokijua, na hatutajifanya tunacho. Tutakuwa tumeketi nyuma yenu, kimya, kama mlivyoagiza. Tunakuombea miaka mingi ya heri, na tunakuombea uiishi nyumbani kwenu, Sigowet. Utakapomaliza kula, tafadhali inuka. Na mpe Mzee mkono, ainuke nawe.